Harufu ya Alizeti

Jana jioni bawaba ya geti ililia, na mwanangu, bila kuuliza mtu, akaenda jikoni akachukua chupa ya mafuta ya alizeti akaimiminia. Geti likanyamaza. Akanigeukia uso unang'aa, anasubiri sifa. Lakini ile harufu ilikuwa imeshanichukua hadi Kibosho, barazani kwa babu, Agosti 1994.

Babu alikuwa na bunduki ya kuwindia: mitutu miwili iliyolala sambamba, ya risasi namba 12, kazi ya Birmingham, Uingereza. Ukipiga kisha ukaikunja kuifungua, ganda la upande uliopigwa linaruka lenyewe. Risasi ambayo haijapigwa inainuliwa kidogo tu, uichomoe kwa vidole. Mwaka ule tulipokwenda kuwinda kanga kule porini, njia ya Kahe, upande wa kushoto ukaanza kugoma. Ganda linainuka kidogo, basi. Fundi mmoja wa mjini hakuifungua hata kidogo; akasema springi imekufa, zitolewe hela iagizwe nyingine. Babu akashukuru, akarudi nayo nyumbani.

Kesho yake asubuhi akakagua mitutu mara mbili kwamba ni mitupu, akaingiza maganda mawili yaliyokwisha kupigwa, akafyatua huku na huku, akaikunja. La kulia likaruka hadi kwenye mibuni. La kushoto likabaki. Akaniagiza nikaokote lile lililoruka, akaliweka kushoto. Likagoma vilevile. "Ganda halina kosa," akasema. Akalisukuma kwa kidole, likaingia na kutoka bila shida; chemba, tundu linakokaa risasi, safi. Akaitembeza ejekta yenyewe, kile kipande cha chuma kinachobeba ukingo wa ganda: inateleza vizuri. Hapo akagonga kile kipande cha mbao cha mbele, unachokishika kwa mkono wa kushoto unapolenga. "Ugonjwa uko humu."

Akakitoa, akakilaza juu ya gunia. Ndani mna vinyundo viwili vidogo, kila kimoja na springi yake. Ndivyo vinavyoipiga ejekta ganda likaruka. Cha kulia kilikuwa kinang'aa. Cha kushoto kilikuwa kimefunikwa na kitu cha rangi ya asali iliyoungua, kigumu pembeni, katikati kinanata kama ulimbo. Babu akakikwangua kwa kucha ya kidole gumba. Akakipeleka puani. Akanusa, akatulia, akanusa tena.

Mimi nilikuwa nimejua kabla hajanusa. Likizo ya mwezi wa kwanza aliniambia niipake bunduki mafuta ya cherehani. Kikopo kilikuwa kitupu, nikaogopa kusema. Nikachukua alizeti ya bibi, nikamimina bila kipimo, nikailaza juu ya kabati kwa ubavu wa kushoto. Sikujua kwamba alizeti ikikaa kwenye hewa miezi inaganda, inakuwa gundi.

Babu akaniangalia. Si kwa hasira. Aliniangalia tu, kile kidole bado kiko karibu na pua, na kuku mmoja akapita katikati yetu.

"Lete mafuta ya taa."

"Naam, babu."

Tukasugua kwa mswaki wa zamani mpaka chuma kikaonekana. Nilipokuwa nafuta kwa kitambaa, kinyundo kikafyatuka mkononi mwangu, ta! Springi ilikuwa hai, tena ina nguvu. Ila sasa ule ubao ukakataa kurudi mahali pake, maana kinyundo kikishafyatuka lazima kitegwe kwanza. Babu akakikandamiza kwenye kipande cha mninga, akaegemea kwa uzito wake wote, kikarudi. Akafunga, akarudishia yale maganda, akafyatua pande zote mbili, akaikunja. Maganda yakaruka kwa pamoja, yakaangukia kwenye mibuni.

Siku ile hakusema neno, wala baadaye. Tulipomzika, bunduki ikapelekwa polisi kama taratibu inavyotaka, na mimi nilikuwa sijamwambia. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka macho yake, kama yalikuwa ya mtu anayejua au ya mtu anayefikiri tu. Siwezi kuamua.

Mwanangu alikuwa bado amesimama pale getini, chupa mkononi. "Baba, nimekosea?"

Nilitaka kumweleza yote. Nikamwambia alete mafuta ya taa na kitambaa.