Mama na spika za darini

Nimekaa sakafuni sebuleni hapa Goba, vumbi la jipsamu bado liko kwenye nywele, na moyo umejaa.

Sebule yetu ni ndogo. Spika kubwa za kusimama zingekula nafasi ya kiti cha mama, nikaamua zifichwe darini. Kabla dari halijafungwa nilimsihi fundi tupitishe waya kwanza, maana likishafungwa ni kubomoa. Alinuna kidogo, akakubali.

Leo ndiyo siku yenyewe. Fundi akachora duara kwa penseli, akakata polepole kwa msumeno mdogo, nyusi zikawa nyeupe. Akaisukuma ndani spika ya inchi 6.5. Kila alipokaza skrubu, vile vishikizo vya plastiki vikajigeuza na kuung'ata ubao kwa nyuma. Mwisho wavu mweupe: tap, sumaku ikaunasa.

Tukawasha taarab. Sauti ya Bi Kidude.

Mama akaacha kumenya vitunguu. Akatazama mlangoni, dirishani, kisha juu.

"Mwanangu, nani anaimba humu ndani?"

Akaja akasimama chini ya lile duara, kisu mkono mmoja, kiganja cha pili amekiinua kama anayekinga matone ya mvua.

Kile kiganja, jamani.

Mnaojenga, msisahau kutandaza sufu ya kuzuia sauti nyuma ya spika. Bila hiyo sauti nyingi inapotelea huko juu kwenye bati.

Kwenu mmezificha wapi, darini au ukutani? Na wazee walisemaje siku ya kwanza?