Mchora Vibao Katika Duka la Vitambaa

Kazi yangu ni kuchora vibao. Saluni, bucha, maduka ya vipuri, na mambo yakinyooka napewa ukuta mzima wa baa. Mdogo wangu aliyeolewa Antwerp, Ubelgiji, alikuwa amenizungusha makanisani siku nne mfululizo, hadi mumewe akanihurumia. "Shemeji, kesho tunaenda kuona watu wa kazi yako."

Shemeji yangu ni mtu wa Bukavu, Kongo. Asubuhi tulipanda treni ya Brussels, mwendo wa kama dakika hamsini, mvua ikichapa vioo. Kutoka Stesheni Kuu tulikwenda kwa miguu mpaka Rue des Sables, mtaa mwembamba ambao peke yangu ningeupita bila kugeuza shingo.

Ndani, shingo iligeuka yenyewe. Ngazi pana ya mawe, vyuma vilivyopindwa kama mashina ya mtambaa, na juu kabisa paa la vioo. Jengo hili lilisanifiwa na Victor Horta mwaka 1906 kwa ajili ya Waucquez, mfanyabiashara wa vitambaa. Nilimkumbuka mama, ambaye hajapata kununua khanga bila kuitoa kwanza nje ya duka aione juani. Horta alimletea mteja jua mpaka kwenye meza. Duka lilifungwa mwaka 1970, na mwaka 1989 milango ikafunguliwa upya, safari hii kama makumbusho ya katuni za Ubelgiji.

Watu walikuwa wakijipiga picha kwenye roketi ya Tintin, yule kijana mwandishi wa habari wa katuni, yenye mirabaraba myekundu na myeupe. Mimi nilikuwa na haraka ya kuona kurasa zenyewe, zile zilizoguswa na mkono wa mchoraji. Hizo huwekwa kwenye mwanga hafifu, maana jua lililouza vitambaa ndilo linaloua wino. Basi nikawa natoka kwenye ung'avu naingia kwenye giza la nusunusu, pua yangu karibu igonge kioo.

Ukurasa halisi ni mkubwa kuliko ule wa kitabuni. Unaona mistari ya penseli ambayo raba haikuimaliza, na mistari ya rula iliyonyoosha herufi ndani ya viputo vya maneno. Unaona pia mabaka ya rangi nyeupe mahali fundi alipokosea kidole au pua, akafunika, akarudia. Nilicheka peke yangu. Mimi nikiharibu kibao nafanya hivyohivyo, na mteja hajui mpaka leo. Kumbe wakubwa nao.

Rangi haikupakwa juu ya wino. Michoro ilichapwa upya kwa mistari ya buluu hafifu kwenye karatasi nyingine, mtia rangi akafanya kazi yake hapo, na mistari myeusi ikawekwa juu wakati wa kuchapa. Mara nyingi mtia rangi alikuwa mke wa mchoraji, na jina lake halikufika kwenye jalada. Vile vijitu vya buluu vyenye kofia nyeupe, Schtroumpf, vilibuniwa na Peyo mwaka 1958, lakini aliyechagua buluu ni mkewe, Nine Culliford. Kijani kingepotea kwenye majani ya msitu, na nyekundu ingepiga kelele mno. Hoja hiyo ningeweza kuitoa mimi mbele ya mwenye bucha.

Tulipofika kwa Hergé, mchoraji wa Tintin, shemeji alinyamaza. Baadaye, tumeketi kwenye ngazi, akaniambia kwamba shuleni kwao Bukavu kulikuwa na kitabu cha Tintin akiwa Kongo, kimechakaa, kinapokezanwa. Hergé alikichora miaka ya 1930 na 1931 bila kukanyaga Kongo. Katika toleo la kwanza Tintin anaingia darasani kuwafundisha watoto wa Kongo kuhusu "nchi yenu, Ubelgiji". Kitabu kilipochorwa upya mwaka 1946, somo hilo likawa hesabu ya kujumlisha. Midomo ya Wakongo, minene kama mipira, ilibaki palepale.

"Na mlikuwa mnakisoma?"

"Tulicheka sana. Tulimcheka yeye, Tintin, anaua wanyama ovyo kama mwenda wazimu." Akafikiri kidogo. "Nilikuja kujiona mule ndani nikiwa huku, mwanangu aliponiuliza kama babu yake alikuwa hivyo. Njo vile, shemeji."

Sikuwa na la kumjibu. Mkono nauheshimu: mstari wa Hergé ni safi, hauna woga, haujifichi kwenye kivuli. Ndiyo maana uongo wake unaaminika upesi. Chora midomo ya mtu vibaya kwa mstari wa kubahatisha, watasema hujui kuchora. Ichore kwa mstari ule, watoto watadhani ndivyo ilivyo.

Kwenye duka la vitabu shemeji aliulizia kazi za Barly Baruti, mchora katuni wa Kongo, mzaliwa wa Kisangani. Akapata kitabu kimoja, akalipa bila kutazama bei, jambo ambalo mdogo wangu alilirudia usiku mzima.

Katika treni ya kurudi alikisoma kwa kukisogeza karibu na dirisha, ambako kulikuwa na mwanga. Mimi nilitoa penseli, nikamchora nyuma ya mfuko wa karatasi wa duka. Midomo niliifuta mara tatu.