Salio lilipotoka tupu

"Mwanangu, hela za mama huyu zimekwenda wapi?" Mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa alinipigia saa mbili usiku. Nilikuwa nimewaandikia mfumo mdogo kwa PHP (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) na MySQL (kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa): unaingiza namba ya simu, unaona jina na jumla ya michango. Kwa mama huyo ukurasa uliandika: "Karibu , michango yako ni Sh ."

Nilifungua msimbo (code) wa mfumo nikijua kinga niliweka. Kweli ilikuwepo: if ($matokeo), yaani "kama kuna matokeo". Kumbe mysqli_query, amri ya PHP ya kuiuliza MySQL swali, hukuletea kifurushi cha matokeo hata kama ndani hakuna rekodi hata moja. False ("si kweli") huja, au katika PHP mpya kosa hurushwa, pale swali lenyewe la SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, linapogoma. Sharti langu lilikuwa linaitikia ndiyo siku zote, kama mlinzi anayepigia saluti kila gari. Na maonyo ya PHP nilikuwa nimeyazima mwenyewe, ili ukurasa upendeze.

Nikahamia PDO, njia nyingine ya PHP ya kuzungumza na kanzidata. Huko fetch(), inayochukua rekodi moja, hurudisha false rekodi isipokuwepo, na fetchAll(), inayochukua zote, hurudisha orodha tupu. Nikaandika if ($mwanachama === false), nikajaribu namba ya uongo, ikajibu vizuri. Nikalala.

Kesho yake simu tena. Kijana aliyejiunga wiki hiyo: jina lipo, jumla hakuna. Hapa nilipoteza nusu siku nzima, kwa sababu niliamini SUM(), amri ya SQL ya kujumlisha, ikikosa rekodi hutoa sifuri. Siyo. Hutoa NULL, yaani "hakuna thamani", ingawa COUNT(*), inayohesabu rekodi, hukupa 0. Tena SUM hiyo huleta mstari mmoja hata pasipo na mchango wowote, kwa hiyo ukaguzi wangu wa false ulipita bila kushtuka. COALESCE(SUM(kiasi), 0), inayoweka 0 mahali pa NULL, ikamaliza.

Na yule mama? Alisajiliwa kwa namba inayoanza na +255, naye akaandika 07. Hela zake hazikwenda popote. Sasa nasafisha namba kabla ya kutafuta, na asipopatikana mtu ukurasa unauliza: "Hatujaiona namba hii. Je, ulisajiliwa kwa nyingine?" Kanzidata ikizimika kuna ujumbe wake, "Jaribu tena baadaye", maana kumwambia mtu si mwanachama kwa sababu seva imelala ni matusi.

Mama alipoiona jumla yake aliipiga picha. Sikumlaumu.