Hasi 12 ya Hombolo

Juzi binti wa dada yangu, yule anayesoma kompyuta pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kaja kushinda wikiendi, katoa daftari lake mezani kaniuliza, "Mama mdogo, hivi kwa nini draiva ikague urefu wa iventi wakati aliyeituma ni kifaa chenyewe? Kifaa si kinajua kimetuma nini?" Draiva ni ile programu ya kompyuta inayoongea na kifaa, na iventi ni taarifa fupi ambayo kifaa kinaituma. Swali halali kabisa. Nikaanza kumjibu kwa nadharia, naona haiingii, basi nikaacha nikamsimulia ya Hombolo, kule mashambani Dodoma, na nyie nawaandikia maana tangu siku hiyo haijanitoka kichwani.

Mnaonisoma tangu enzi za ile ofisi ya Area D mnavikumbuka vile viboksi vyetu vya mashamba ya zabibu, sirudii yote. Kompyuta ndogo ya Linux, betri ya sola, adapta ya waifai ya kuchomeka kwenye USB, na vihisi vimetawanywa kati ya mistari ya mizabibu vinapima unyevu wa udongo na wa hewa, maana hewa ikikaa vibaya ubwiri unga unaingia na msimu umekwenda. Sasa mizabibu imeshapogolewa, vishada vinajaza, na kiboksi kinakufa. Hakipungui kasi wala hakilalamiki, taa inaganda tu mpaka mtu atoke nyumbani akachomoe waya wa betri aurudishe.

Ofisini kila mtu na mshitakiwa wake, huyu anasema joto, yule vumbi, mwingine betri. Tukabadilisha betri, tukabadilisha kava, tukabadilisha na kebo, wapi.

Nikaenda kukaa nacho. Mzee mwenye shamba akaniwekea kigoda chini ya mbuyu, salamu za "mbukwenyi" za Kigogo zikaisha, nikavuta kebo ya siriali kutoka kwenye kiboksi mpaka kwenye laptopu, kwa sababu keneli, yaani kiini cha Linux, ikipaniki ikasimama ghafla, logi ya kwenye kadi haiwahi kuandikwa, maneno ya mwisho unayapata kwenye siriali tu. Na ndani ya draiva nilikuwa nimeongeza mstari wa kuchapa baiti za kila iventi kabla haijaguswa na mtu. Yaani kila adapta inapoiambia kompyuta "kihisi fulani kimejiunga", "kihisi fulani kimeondoka", "nimemaliza kuskani", mi naziona baiti zake mbichi.

Asubuhi nzima iventi zinapita safi. Mchana upepo ukaamka, ule wa kiangazi unaobeba mchanga, kihisi cha mwisho kule karibu na korongo kikapotea hewani na hapo hapo skrini ikachapa mstari mmoja, baiti 24, chini yake maneno ya keneli kupaniki, basi. Taa ikaganda.

Huo mstari wa baiti 24 ndo nilioukalia. Baiti 16 za kwanza ni heda, yaani utangulizi unaoeleza kilichomo, aina ya iventi iko sawa, ni ile ya kihisi kuondoka, anwani ya kihisi iko sawa, afu kwenye nafasi ya urefu zimekaa baiti mbili, f4 ff kwa namba za msingi wa 16. Ile adapta inatanguliza baiti ndogo, kwa hiyo unasoma kinyumenyume, fff4, sawa na 65,524. Pakiti nzima ni baiti 24, heda imeshakula 16, zimebaki 8, na kifaa kinatangaza kwamba mwili wa habari yake una baiti 65,524.

Nikaandika hiyo nambari kwenye kiganja kwa kalamu ya wino, sijui kwa nini, laptopu ilikuwa hapo hapo. Nikawa naiangalia. Afu ikaniingia kwamba fff4 ukiisoma kama nambari yenye alama, yaani inayoruhusu hasi, ni hasi 12. Na hasi 12 ni 4 toa 16. Kumi na sita ndo urefu wa heda! Ndani ya fimuwea, ile programu iliyomo kwenye adapta yenyewe, kuna sehemu, kihisi kikiondoka katikati ya kazi, inachukua nambari ndogo inatoa ukubwa wa heda, inashuka chini ya sifuri, na kwa kuwa nafasi yenyewe haina alama ya hasi inazunguka inatokea juu kabisa. Fimuwea imefungwa, ndani siwezi kuona, ila hesabu inakaa sawasawa mno mtu kusema bahati mbaya.

Sasa sikia hii. Nikafungua draiva nikitegemea kukuta hakuna ukaguzi, nikaukuta! Aliyeiandika hakuwa mzembe. Kachukua urefu uliotangazwa, kajumlisha na heda, kama jumla inazidi kilichofika tupa. Sawa kabisa kwa macho. Ila ile jumla kaihifadhi kwenye nafasi ya biti 16, na mwisho wa biti 16 ni 65,535. 65,524 ukijumlisha 16 ni 65,540, inafurika, kinachobaki ni 4. Nne inazidi 24? Haizidi. Pita. Mstari unaofuata unanakili baiti 65,524 kwenye bafa ndogo, ile sehemu ya memori iliyotengwa kupokea, na kumwagia memori ya keneli yote iliyo jirani. Kosa lile lile la fimuwea, nambari kuzunguka, ndilo lililompita mlinzi wa draiva.

Mzee alikuwa amekaa kimya muda wote, akauliza nimeona nini. Nikamwambia kifaa kinadai kimeleta mzigo mkubwa kuliko kilioubeba na mashine inakubali. Akasema, "Mwanangu, sisi pale soko la nafaka Kibaigwa gunia linapanda mizani kwanza, aliyelileta aseme atakavyo." Sikuwa na la kuongeza.

Nilikuwa nimesoma kazi ya Gal Beniamini wa Project Zero, timu ya Google inayosaka mianya ya usalama, ile ya 2017 alipoonyesha kwamba chipu ya waifai inaweza kuvamiwa kupitia hewani, afu kutoka kwenye chipu mtu akapanda mpaka kwenye simu yenyewe, kwa sababu upande wa simu uliiamini chipu. Nikaona ni mambo ya simu za watu wa mbali. Pale Hombolo hapakuwa na mvamizi, upepo tu na fimuwea yenye hesabu mbovu, na mlango ulikuwa uleule.

Marekebisho ni mafupi. Kwanza hakikisha kilichofika kinatosha hata hiyo heda, usiisome kabla. Afu usijumlishe kwenye nambari ya mgeni, toa kwenye ya kwako: kilichofika toa heda, linganisha na alichotangaza. Na kila urefu ulioko ndani nao upimwe, jina la mtandao haliruhusiwi kuzidi baiti 32 lakini baiti ya kulitangazia inaweza kusema 255. Tukawatumia waliotengeneza draiva kiraka, yaani hayo marekebisho, hawakujibu, tukaendelea na cha kwetu. Kiboksi hakikuganda tena mpaka mavuno.

Ila ubishi mimi na mwenzangu ndo ulianzia hapo. Iventi mbovu umeitupa, sawa, lakini ile ilikuwa habari ya kweli, kihisi kimeondoka. Ukiitupa kimyakimya draiva inabaki inaamini kihisi kipo, na mzee anasoma unyevu wa jana akidhani wa leo. Kiboksi kikiganda angalau kila mtu anaona. Yeye akasema logi zikiandika kila iventi mbovu kadi inajaa, tupa yaishe. Mi nikasema ihesabiwe, iandikwe kwa kipimo, na zikifuatana adapta izimwe iwashwe upya ianze na orodha safi. Tukaenda na hilo.

Zikifuatana ngapi? Tukaweka 5. Binti naye kaniuliza hivyo hivyo, kwa nini 5 na siyo 2. Kihisi kimoja kikiwa mpakani mwa mawimbi, ukiweka 2 adapta itashinda inajiwasha tu na vihisi vizima vikose kusikika, ukiweka 20 mzee atakaa na habari ya uongo siku nzima. Hiyo 5 tuliikadiria pale shambani, inafanya kazi mpaka leo, na sijawahi kupata njia ya kuithibitisha.