Viti vitano si vya watu watano

Novemba iliyopita mama yangu alitua Birmingham kutoka Dar kupitia Dubai, na masanduku mawili, mkoba wa begani, na ungo mdogo aliouzungushia khanga. Tulikwenda kumpokea familia nzima kama ilivyo ada: mimi, Baba Nasra, Nasra mwenyewe wa miaka minne na nusu, Imran aliyekuwa anaikaribia miwili, na kichanga wa wiki kumi na moja. Tumekumbatiana, tumelia, tumepiga picha. Hesabu tukaja kuifanya kwenye maegesho. Gari la viti vitano, watu sita.

Mimi ni muuguzi. Nahesabu dawa usiku kucha na sikosei, lakini siku ile hadi sita nilishindwa kufika. Nilidhani mume wangu kashapanga. Yeye alidhani mimi nimepanga. Mama akasema, "Si nitajibana tu hapo nyuma na watoto?" Nyuma penyewe kulikuwa na viti vitatu vya watoto vilivyobanwa bega kwa bega, vile vyembamba tulivyovitafuta kwa futi ya cherehani mkononi. Hata mkoba wake usingeingia.

Basi mama akakaa mbele, sanduku moja likaingia kwenye buti juu ya kigari cha mtoto, la pili likafungwa mkanda kwenye kiti cha Nasra kama abiria. Mimi na Nasra tukapanda kile kitreni cha bure kinachotoka uwanjani hadi stesheni, tukachukua treni mpaka New Street, tukabadilisha ya Erdington. Kichanga akaamka njiani, maziwa yake yako kwenye treni. Nilipofika nyumbani nilimkuta mama na koti lake bado mwilini, anatembea sebuleni na mtoto anayelia, ananiangalia jicho ambalo sikuwa nimeliona tangu nilipofeli hesabu darasa la sita.

Usiku ule Baba Nasra akaingia mtandaoni kutafuta gari.

Hilo la gari lilikuja kukutana na la pili, la zawadi za watoto. Wiki mbili baadaye Imran alitimiza miaka miwili, tukaita watu. Sisi wa hapa, Watanzania, Wakenya, Wakongomani na Warundi, tuna desturi yetu: sherehe ya mtoto ndiyo baraza. Wanawake wako ndani na pilau na zawadi, wanaume wako nje kwenye baridi wamezunguka gari la mtu, boneti juu, hata kama halina ubovu wowote.

Nianze na ndani. Nyumba zetu ni zile za kuungana ukuta, sebule hatua nne kwa tano, ngazi nyembamba. Zawadi ikiingia humo haitoki. Mwaka uliotangulia Imran aliletewa bembea ya plastiki ya kutelezea, ikakaa katikati ya sebule miezi mitatu tukiizunguka kama kaburi la mtakatifu. Safari hii shemeji yangu, kijana asiye na mtoto, kaleta gari la zimamoto lenye king'ora. Mtu asiye na mtoto utamjua kwa zawadi yake: ama inapiga kelele, ama ina vipande mia.

Mama Ilham, anayefanya kazi ya kulea watoto shule ya awali, alilichukua lile gari kabla Imran hajaligusa, akaligeuza tumbo juu. Alikuwa anatafuta skrubu. Mlango wa betri lazima ufungwe kwa skrubu, akasema, siyo kwa kubonyeza tu. Anachoogopa zaidi ni zile betri bapa za duara, zinazofanana na kitufe cha koti. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kumchoma ndani kwa ndani katika saa mbili tu, na mwanzoni unaweza kudhani ana mafua. Zimo kwenye rimoti, kwenye mishumaa ya bandia, kwenye kadi za pongezi zinazoimba. Nilikuwa na kadi ya namna hiyo mezani. Niliiondoa kimyakimya.

Kisha akatuonyesha kipimo chake cha pili: kile kibomba cha kadibodi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kitu kinachopenya humo ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Ipo pia alama kwenye boksi, uso wa mtoto umekatwa mstari mwekundu na namba 0-3, ila sisi wengine tulikuwa tunaichukulia kama pambo. Mgeni mmoja alisema maputo je, akaambiwa maputo ndiyo mabaya kabisa, hasa kipande kilichopasuka. Tukayatazama maputo yetu yote juu ya dari.

Wakaanza kupeana siri. Matofali makubwa ya kuchezea ya Duplo, yanaanza miezi 18, hayaharibiki, na kwenye maduka ya hisani utayapata mfuko mzima kwa pauni chache. Yaloweke kwenye maji ya sabuni usiku mmoja. Vitabu usinunue, maktaba ni bure. Nguo nunua ya mwakani. Lakini lililonikaa ni la Mama Grâce wa Lubumbashi, mwenye watoto watano, anayesema mambo yake bila haraka. Kwao siku hizi hawaleti zawadi, wanachanga. Familia kumi, pauni tano kila mmoja, mama wa mtoto anaulizwa anataka nini kimoja. Mwaka jana ulikuwa ni baiskeli ndogo isiyo na pedali, mtoto anajisukuma kwa miguu. Imeshapita kwa watoto watatu na sasa iko kwa wa nne.

Nikajishangaa. Sisi tunaochanga harusi, misiba, vikao hadi vya kupanga vikao, tumefika huku tukaanza kununua vitu vya plastiki kila mtu kivyake.

Mama yangu alisikiliza yote hayo, kisha akaufungua ungo wake. Mlikuwa na kipepeo cha ukili cha kupepelea moto na vijungu vitatu vya udongo kutoka sokoni Ngamiani, Tanga, kimoja kimepasuka safarini. Vijungu tulivipandisha juu ya kabati, baada ya hotuba ya Mama Ilham nani angethubutu. Ungo na kipepeo akapewa mwenyewe. Imran alikishika kipepeo kwa mikono miwili, akamtazama bibi yake anavyokitikisa, akaenda moja kwa moja kwenye kipasha joto cha ukutani akaanza kukipepea. Mpaka leo kila asubuhi anakipepea. Mama anamsifu kwamba moto umekolea.

Sasa twende nje, maana nilitoka na sahani ya sambusa nikakuta mjadala umepamba moto.

Kule nyumbani swali hili lingekwisha kwa neno moja: Noah. Familia imekua, nunua Noah, basi. Huku kila mtu alikuwa na lake. Mmoja anasifia Vauxhall Zafira kwa kuwa viti vya nyuma vinalala sakafuni; mwingine Ford Galaxy; Baba Nasra yeye hataki kusikia kitu kisicho Toyota. Baba Grâce alisimama pembeni ya basi lao dogo la viti tisa akicheka. Leseni ya kawaida inaruhusu abiria wanane na dereva, kwa hiyo hakuhitaji mtihani mwingine. Mkewe aliyetoka nyuma yangu ndiye aliyefunga hoja: "Gari ya viti tano ni ya bachumba."

Ami Suleiman, Mpemba, fundi gari wa miaka mingi, aliuliza swali moja tu: "Gari lenda wapi kila siku?" Baba Nasra akajibu: shule, kazini kwangu, sokoni, msikitini. Yaani safari za dakika kumi. Ami akatikisa kichwa. Dizeli msinunue, akasema. Dizeli za kisasa zina chujio la moshi ambalo linahitaji mwendo mrefu wa barabara kuu ili lijichome uchafu; safari za shule tupu litaziba, na bei ya kulibadilisha utalia. Halafu kuna eneo la hewa safi. Tangu Juni 2021 ukiingia katikati ya Birmingham, ndani ya ile barabara ya mzunguko ya A4540, na gari lisilofikia kiwango, unalipa pauni 8 kwa siku. Petroli inatakiwa kiwango cha moshi cha Euro 4, na nyingi za kuanzia 2006 zinapita. Dizeli inatakiwa Euro 6, kwa hiyo nyingi za kabla ya Septemba 2015 zinanaswa. Ndiyo maana, akasema, ukiona gari kubwa zuri la dizeli bei ya kutupa, jiulize mwenzako anakimbia nini.

Alitufundisha pia kuandika namba ya gari kwenye tovuti ya serikali, bure, ukasoma historia yake ya MOT, ule ukaguzi wa lazima wa kila mwaka: maili lilizokuwa nazo kila mwaka, na mambo yaliyolifelisha. Tulimnasa muuzaji mmoja hapohapo, tukiwa tumesimama na sambusa. Gari lake lilikuwa na maili nyingi zaidi mwaka juzi kuliko leo.

Kuhusu viti vya watoto nitasema kwa kifupi, maana wageni wengi wananiuliza. Mtoto anakaa kwenye kiti chake mpaka atimize miaka 12 au urefu wa sentimita 135, lolote litakalotangulia. Vile vinavyopimwa kwa urefu, mtoto haangalii mbele mpaka avuke miezi 15. Kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Faini inaweza kufika pauni 500. Upo upenyo mdogo: kiti cha tatu kisipoenea nyuma, mtoto aliyetimiza miaka 3 anaweza kufunga mkanda wa mtu mzima. Sisi vilienea kwa kubanana, kwa hiyo hautuhusu. Na kiti cha mtumba usinunue kwa mtu usiyemjua. Hutajua kama kimeshawahi kuwa kwenye ajali.

Ah, na koti. Hili lilitaka kunigombanisha na mama. Koti nene linaacha uwazi kati ya mkanda na mwili wa mtoto, kwa hiyo unamvua, unamfunga, kisha unamfunika. "Unamvua mtoto koti kwenye baridi hii? Nani kakufundisha?" Nilimweleza mara tatu. Mara ya nne alivua khanga yake mwenyewe begani akamfunika Imran juu ya mkanda, bila kuniangalia. Tumekubaliana hivyo.

Gari lilipatikana Januari, Derby. Volkswagen Sharan ya 2016, petroli, ambazo ni adimu, maili elfu sabini na moja. Baba Nasra aliikubali kama mtu anayeozeshwa. Kilichonivuta mimi ni viti vitatu vya katikati, kila kimoja kimejitegemea na kina vishikio vyake vya Isofix vya kubania kiti cha mtoto, na milango ya pembeni ya kusukuma. Kwenye maegesho ya duka kuu, na kichanga mkononi, mlango unaofunguka bila kumgonga jirani ni neema.

Tulibeba viti vyote vitatu vya watoto mpaka kwa muuzaji. Alishangaa, lakini ndiyo iliyotuokoa, maana tuligundua kitu ambacho hakuna tangazo lililotuambia. Ukishafunga viti vitatu mstari wa katikati, huwezi tena kuvilaza kupita kwenda nyuma. Viti viwili vya nyuma unavyo, na huna njia ya kuvifikia isipokuwa kupitia buti, na mama yangu ana miaka 68. Tulisimama na muuzaji kama watu wanaocheza bao, tunahamisha huku na kule robo tatu ya saa. Mwisho Nasra akaenda nyuma kabisa na kiti chake cha kuinulia, jambo lililomfurahisha kupita kiasi. Kichanga nyuma ya dereva, Imran katikati, na kiti cha pembeni kikabaki cha mama. Jambo jingine: viti saba vyote vikisimama, buti linabaki la mfuko wa mchele na kigari kilichokunjwa, basi. Viti saba na mizigo ya watu saba havikai pamoja.

Jumapili ya kwanza tulikuwa tunakwenda Cannon Hill Park. Makoti yamevuliwa, mikanda imefungwa, khanga imefunikwa. Mama alipanda mwisho, akakaa kwenye kiti chake kando ya mlango, akautazama, akauvuta mwenyewe mpaka ukajifunga. Kisha akaupiga kofi mara mbili, pa! pa!, kama konda.

Na Baba Nasra, bila hata kutazama kioo, akaondoa gari.