Ndara za Monywa

Jana nilikesha na mistari minne tu ya shairi la Kiburma ninalolitafsiri kwa Kiingereza, litakalochapwa sambamba na picha ya ndara zilizoachwa barabarani mjini Monywa, Myanmar, mji ambako mshairi K Za Win aliuawa kwa risasi tarehe 3 Machi 2021, mwezi mmoja baada ya mapinduzi ya kijeshi. Kiburma huweza kumwacha mtenda bila kumtaja, na kitenzi huja mwishoni. Kiingereza kikanidai niseme aliyekimbia katika shairi ni mwanamume au mwanamke. (Kiswahili, kwa ile “a-” yake, kisingenisumbua.) Niliandika mwanamume, kisha nikaitazama tena picha: ndara moja ilikuwa ya mtoto. Nikafuta, nikaandika “waliokimbia”, ingawa mpiga picha angependa shairi liieleze picha yake, jambo ambalo bado ninalikataa.