Mahali pa Kukanyaga

Jumapili, saa nne usiku. Umeme umerudi, simu iko kwenye chaji, na ugoko wangu wa kushoto nimeufunga kitambaa chenye barafu za ubuyu. Barafu ya kawaida nimeikosa. Muuza juisi wa kona alishafunga, na duka lililobaki wazi lilikuwa na zile za watoto tu, shilingi mia moja moja. Nimechukua nne. Moja nimekula, tatu ziko mguuni, na wekundu wake umeshaanza kuchuruzika hadi kwenye soksi.

Ugoko unauma kwa sababu ya dansi liitwalo krump. Mimi huitamka krampu, basi nitaiandika hivyohivyo nisije nikajifanya.

Kazini huwa wananiuliza kama ni breki dansi. Siyo. Breki dansi unashuka chini, unazunguka kwa mgongo na mikono. Krampu unabaki umesimama: unakanyaga kwa kishindo, unafyatua kifua, unatupa mikono kama unayegombana na mtu ambaye wengine hawamwoni. Ilianzia Los Angeles, South Central, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla yake alikuwapo Tommy the Clown, ambaye tangu 1992 alikuwa akichezesha watoto kwenye sherehe za kuzaliwa huku kajipaka rangi usoni. Vijana wawili, Tight Eyez na Big Mijo, walipitia kwake, kisha wakaona uchekeshaji hauwatoshi. Walichokuwa nacho kifuani hakikuwa cha keki na maputo. Mwaka 2005 mpiga picha David LaChapelle akawaonyesha kwa dunia kwenye filamu ya Rize, na pale mwanzoni wameweka ilani kwamba picha hazijaharakishwa. Mara ya kwanza niliisoma nikacheka. Dakika kumi baadaye nikairudisha nyuma kuisoma tena.

Huu ni mwaka wa tatu najifunza kwa simu. Mwalimu wangu ni bando. Tatizo langu halijawahi kuwa mwalimu, tatizo ni mahali.

Nilianzia uani. Nyumba tunayopanga hapa Mabibo, Dar es Salaam, ina vyumba sita, choo kimoja, na kipande cha saruji kati ya mlango wangu na kamba za nguo, hatua saba kwa tano. Kwa krampu hapo panatosha kabisa. Nikawa natoka kazini, nasubiri watu waanue nguo, naweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa ili sauti ijae, naanza. Jioni moja, magharibi inakaribia kuadhiniwa, nilikuwa raundi ya tatu. Kifua kinapanda na kushuka, meno nje, macho nimeyatoa. Kwenye krampu uso nao una kazi yake. Ukicheza na uso wa foleni ya benki hujacheza. Nikageuka, nikamkuta mama mwenye nyumba kasimama mlangoni, kanga kaishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu, umepandisha?"

"Hapana mama, nafanya mazoezi."

"Mazoezi gani yanayokukunja uso hivyo?"

"Ya dansi, mama."

Akanitazama kuanzia miguuni. "Hilo dansi unalicheza wewe au linakucheza lenyewe?"

Kesho yake nilirudi nikakuta harufu ya ubani kuanzia getini mpaka mlangoni kwangu. Sikukasirika. Mama ni mtu wa pwani, amekulia kwenye ngoma ambazo zinapigwa mpaka anayeugua apandishe, na aliyempanda aseme anataka nini. Aliona alichokizoea. Na nikisema kweli, swali lake nimelibeba mpaka leo, kwa sababu raundi zangu nzuri kuliko zote ni zile ambazo jibu silijui.

Lakini chumba cha pili kulikuwa na mtoto mchanga, na nikikanyaga sahani za jirani zinaongea kabatini. Nikahama mwenyewe kabla sijahamishwa.

Coco Beach nilikwenda Jumamosi tatu, saa kumi na mbili asubuhi, kabla wauza mihogo hawajawasha moto. Upepo mzuri, watu wa mbio wanapita, hakuna anayekuuliza kitu. Ila mchanga ni mnafiki. Unakupokea vizuri halafu unameza kila unachompa. Unakanyaga kwa nguvu zako zote, unasikia pfu. Krampu inataka ardhi ijibu: mguu ukishuka, kishindo kipande mwilini, kifike kifuani, kifua kikirushe mkononi. Pale Coco mlolongo wote unakatikia kwenye kifundo cha mguu. Nilirudi nyumbani nina mapaja ya chuma na krampu ya uji.

Gym yenye vioo niliijaribu mara moja. Walitaka hela ya mwezi mzima, na viatu vyangu vikaambiwa vinachora sakafu. Vioo vyenyewe navyo vilinifanya nianze kujipanga nionekane vizuri, badala ya kucheza.

Nafasi Art Space pale Mikocheni nilifika siku kuna maonyesho, na nilikaa mpaka mwisho. Wasanii wako pale, wacheza ngoma na dansi za kisasa wako pale, na mtu akikuona unatikisa kifua hakuulizi umepandisha nini. Kama ningekuwa naishi upande ule ningehamia na godoro. Lakini mimi nafunga duka la vifaa vya ujenzi saa kumi na mbili jioni. Kutoka kazini hadi Mikocheni na foleni ile, halafu Mabibo usiku, ni nauli na usingizi ambavyo sina vya kutosha kwa wiki nzima.

Baada ya hapo nikaingia kwenye pagala. Nyumba haijaezekwa, sakafu tayari imepigwa zege, majani yameota madirishani. Nilikuwa na furaha kwa siku nne. Siku ya tano wakaja ulinzi shirikishi na tochi.

"Mnavuta nini humu?"

"Niko peke yangu, kaka. Nacheza."

"Cheza tuone."

Nikacheza, tochi mbili usoni. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini kwenye tofali. Mwingine, mtu mzima, hakucheka. Akasema, "Kijana, unajua kitu, lakini humu usirudi. Siku likitokea la kutokea, utatafutwa wewe." Alikuwa na haki. Sikurudi.

Wiki hiyohiyo, naangalia video kitandani, nikakutana na jumba la opera la Paris, Opéra Bastille, 2019. Les Indes galantes, opera ya mtunzi Mfaransa Rameau ya mwaka 1735, ngoma zake kazipanga Bintou Dembélé, na vijana wa krampu wako jukwaani humo. Walioacha maoni walikuwa wanasifia mikono na vifua. Mimi macho yangu yote yalikuwa kwenye sakafu. Pana, tupu, hakuna hata ndoo ya mtu. Nikazima simu, nikalala na wivu.

Mahali nilikopata nilipelekwa na mnyororo.

Kuna mteja alinunua dukani mita nne za mnyororo na ndoano za chuma, akaomba apelekewe Manzese. Nikabeba. Kumbe ni gym ya ngumi: banda la mabati, mifuko mitatu ya mchanga, matairi, picha za mabondia zilizochakaa ukutani, na ulingo wenye kamba za kufungia mizigo. Nusu ya sakafu ni udongo. Nusu ni zege, na juu ya zege wametandika raba za kukanyagia ndani ya magari, zimekatwakatwa na kupangwa kama vigae. Nikazikanyaga kidogo kwa kisigino, kama ninayejaribu viatu. Zikajibu.

Nilisubiri kocha amalize kupigisha watu kamba. Mzee wa miaka sitini hivi, pua imelalia upande mmoja.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Mnyororo si nimeshalipa?"

"Umelipa. Naomba nafasi ya kufanyia mazoezi. Ya dansi."

"Dansi? Hapa si harusini, mwanangu."

Nikamwambia si dansi la harusi. Akasema nionyeshe. Nikaweka simu ndani ya tairi, ngoma ikaanza. Jirani wa banda anapiga singeli kuanzia asubuhi, singeli ambayo mapigo yake yanapita 200 kwa dakika, na ngoma ya krampu ilivyo nzito na ya pole, ikasikika kama gari bovu linavutwa. Nikafumba macho. Sekunde kadhaa za kwanza niliona aibu. Halafu raba zikajibu, na nikasahau.

Nilichokuja kukisikia kwanza ni kamba kuacha kupiga chini. Mabondia wamesimama. Kisha mmoja nyuma yangu akapiga kelele, ileile ya ulingoni, "Mpe! Mpe huyo!" Mwingine, "Usimwachie!" Wakasogea. Bila kuambiwa na mtu wakafanya duara, kama watu wanavyozunguka ngoma popote pale, na kila mguu wangu uliposhuka waliitikia.

Hapa nitakaa kidogo. Miaka mitatu nilikuwa nimecheza mbele ya simu, ndoo, bahari na tochi. Kwenye video nilikuwa nawaona wale wanaomzunguka mchezaji wanamfokea, wanamsukuma, wanaruka naye, nikadhani ni mbwembwe za kamera. Siku ile mwili ulinisisimka mpaka kichwani. Nilifanya vitu ambavyo sijawahi kuvifanya uani. Nilikuwa nimezunguka nusu ya jiji natafuta zege, kumbe nusu ya krampu ni wale watu wa pembeni, nami sikuwa nimewatafuta hata siku moja.

Nilipomaliza kocha hakupiga makofi. Alinishika mkono wa kulia, akaunyoosha.

"Mkono unatoka vizuri, unarudi umechelewa. Ukichelewa kurudi unapigwa." Akanipiga shavuni, kofi dogo, kuonyesha. "Na ngumi haitoki begani. Inatoka kisiginoni."

Hayo ndiyo niliyokuwa nayatafuta mchangani kule Coco.

Masharti ni haya: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia saa moja usiku wao wakimaliza. Elfu moja kila siku, ya taa na maji. Nafagia mimi. Watu wakiwa wanapigana ulingoni, muziki unazimwa.

Sasa ni miezi miwili. Kuna dogo mmoja wa palepale Manzese, mcheza singeli, huja kunitazama. Miguu yake ina mbio sana; kumfundisha kusubiri ni kama kumwambia mtu asipepese. Nampa pigo moja, anarudisha manne. Ila akitulia sekunde mbili tu, halafu akaachia, hata mimi hupiga kelele. Kwenye krampu aliyetangulia humpa anayemfuata jina, wanakuwa kama ukoo. Dogo ameshaniuliza yeye ataitwa nani. Na mimi mwenyewe sijapewa jina na mtu.

Jana Jumamosi ndiyo niliumia. Kuna bondia wa kike, mfupi, mkimya, tangu nifike hajanisalimu zaidi ya "mambo". Tulikuwa kwenye duara, dogo katoka, nikadhani zamu yangu. Dada akaingia na glavu zake mkononi. Hakujua hatua hata moja. Alisimama, akapumua, akajipiga kifuani kwa glavu mara mbili, akakanyaga. Mara moja tu. Raba mbili ziliruka kutoka mahali pake. Banda zima lilipagawa, kocha akaangusha saa yake ya kuhesabia raundi, na mimi kwa wazimu wa kumjibu nikaruka, nikashukia pale raba zilipotoka. Zege tupu, mguu mmoja, uzito wote.

Kocha anasema mfupa uko salama, nipumzike wiki, nisikanyage. Jumanne nitakwenda kukaa pembeni nipige kelele.

Mama mwenye nyumba amepita dirishani sasa hivi na tochi ya simu. Mwanga umesimama kwenye soksi.

"Hiyo damu?"

"Ubuyu, mama."

Kimya kidogo.

"Sasa mbona unaupaka, huuli?"